Kabati la kona: Jinsi programu za tarakilishi zinavyoweza kumwepushia fundi hasara

UKISAFIRI kutoka Nairobi kuelekea mpakani Namanga, baada ya kuupita mji wa Athi River utafika Kitengela, mji ambao miongo michache iliyopita ulikuwa kituo kidogo kando ya malisho ya Wamaasai. Siku hizi msafiri hulakiwa na magorofa, vituo vya mafuta, maduka ya vifaa vya ujenzi na karakana za maseremala zilizopanga vitanda, milango na makabati kandokando ya barabara.

Ukuaji huo una sababu zake. Kuanzishwa kwa eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa ng’ambo mjini Athi River katika miaka ya tisini kulileta wafanyakazi waliohitaji makao. Baadaye wakafuata wakazi wa Nairobi waliokimbia kodi za juu, wakanunua viploti vya futi 50 kwa 100 na kuanza kujenga. Sensa ya 2009 ilipata watu 687,312 katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Kajiado. Sensa ya 2019 ilipata watu 1,117,840. Kila familia iliyojenga ilihitaji jikoni, na jikoni ikahitaji makabati.

Hapo ndipo fundi seremala anapoingia, na hapo pia ndipo ugomvi wake na mwenye nyumba unapoanzia.

Mwandishi wa makala haya alishuhudia kisa kimoja katika nyumba mpya mjini Kitengela. Fundi alikuwa ameombwa kutengeneza kabati la kona, lile ambalo mlango wake umekaa mshazari ili kuunganisha safu mbili za makabati. Alipima kuta zote mbili kwa futi, akaandika vipimo kwenye kipande cha karatasi ya saruji, akarudi karakanani. Jumamosi kabati lililetwa kwa pikapu, limepakwa rangi na kung’aa. Liliposukumwa konani, ubavu mmoja ulikumbatia ukuta vizuri, lakini ubavu wa pili ukaacha mwanya wa kupitisha vidole viwili. Fundi alichonga plasta, kisha akaranda bodi, kisha akajaza gundi ya silikoni. Kufikia jioni mwenye nyumba alikuwa amekataa kulipa salio.

Fundi huyo hakuwa mvivu wala mlaghai. Alikosea jambo moja tu: aliuamini ukuta.

Kuta zisizo mraba

Seremala anapojenga kabati la kawaida la mstatili, kosa dogo la ukuta humsamehe. Anaweza kuliziba kwa kipande chembamba cha mbao pembeni na hakuna atakayetambua. Kabati lenye pembe za mshazari halina msamaha huo, kwa kuwa kila kipande chake hutegemea kipande jirani. Pembe moja ikibadilika, urefu wa mlango hubadilika, mikato ya kingo hubadilika na umbo la sakafu ya kabati hubadilika.

Kona nyingi za nyumba zetu hazina digrii 90 kamili. Kuta hujengwa kwa mawe ya kuchongwa, ambayo hayalingani sawasawa, kisha fundi wa plasta hujaribu kuficha tofauti hizo kwa kuongeza unene hapa na kuupunguza pale. Mara nyingi plasta huwa nene zaidi kwenye kona yenyewe. Fauka ya hayo, sehemu kubwa ya nyanda za Kitengela ina udongo mweusi unaofura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba ambayo msingi wake haukuchimbwa ipasavyo huweza kusogea kidogo, na kona iliyokuwa mraba wakati wa kujenga isiwe mraba tena.

Njia ya kuipima kona ni rahisi na haihitaji mtambo wowote. Pima sentimita 60 kutoka konani kwenye ukuta mmoja, utie alama. Pima sentimita 80 kwenye ukuta wa pili, utie alama. Kisha pima moja kwa moja kutoka alama hadi alama. Ukipata sentimita 100 kamili, kona ni mraba. Ukipata 101, kona imefunguka hadi takriban digrii 91.2. Ukipata 102, imefika takriban digrii 92.4. Kipimo hicho kirudiwe mara tatu: karibu na sakafu, kwenye kimo cha meza ya jikoni, na juu ambako makabati ya ukutani yatakaa. Si ajabu kupata majibu matatu tofauti.

Digrii mbili zina uzito gani?

Wapo watakaouliza kama digrii mbili zaweza kweli kumtia mtu hasara. Tuchukue kabati la kona lililo la kawaida kwa jikoni nyingi. Linachukua milimita 900 kwenye kila ukuta, na mbavu zake zina kina cha milimita 600 ili zilingane na makabati ya pande zote mbili. Kona ikiwa na digrii 90, uso wa mshazari ambako mlango hukaa una upana wa milimita 424. Mahali ambapo uso huo unakutana na kila ubavu, ndani ya kabati, pembe ni digrii 135.

Sasa tuseme kona ina digrii 92. Mbavu na kina havijabadilika, lakini uso wa mshazari sasa unahitaji upana wa milimita 461, na pembe za makutano zimeshuka hadi digrii 134. Mlango umepanuka kwa milimita 37, karibu sentimita nne, kwa sababu ya digrii mbili tu. Kona ikibana hadi digrii 88, uso huo hupungua hadi milimita 387.

Fundi aliyejenga kwa digrii 90 na kulileta kabati lake kwenye kona ya digrii 92 atapata mwanya wa takriban milimita 31 kwenye mwisho wa ukuta mmoja. Huo ndio mwanya wa vidole viwili tuliousimulia. Akilileta kwenye kona ya digrii 88, kabati litakataa kuingia hadi ndani na litatokeza mbele ya makabati mengine kwa kiasi hicho hicho.

Hesabu hizi ni za jiometria ya shule ya upili, lakini si rahisi kuzifanya kwa kalamu ukiwa karakanani, mteja anapiga simu na umeme unatishia kupotea. Hapa ndipo programu za kubuni makabati zinapomfaa fundi.

Programu hizi hufanya nini?

Programu za uchoraji wa samani zimegawika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni zile za kuchora kitu chochote, kiwe nyumba, gari au stuli. AutoCAD, iliyoanza kuuzwa 1982, ndiyo kongwe na inayojulikana zaidi miongoni mwa wasanifu majengo. SketchUp ilitolewa mwaka wa 2000 na kampuni ya @Last Software ya Marekani, ikanunuliwa na Google mnamo 2006, kisha ikauzwa kwa Trimble mnamo 2012. Maseremala wengi duniani wameipenda kwa sababu mtu hujifunza misingi yake kwa muda mfupi. Ipo pia FreeCAD, ambayo hutolewa bure na ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024 baada ya zaidi ya miaka 20 ya matayarisho.

Kundi la pili ni programu zilizotungwa mahsusi kwa watengenezaji wa makabati, kama vile Cabinet Vision na Mozaik za Marekani, au Polyboard ya Ufaransa. Katika hizi, kabati si picha iliyochorwa mstari kwa mstari, bali ni mkusanyiko wa kanuni. Fundi huieleza programu kwamba bodi yake ina unene wa milimita 18, kwamba mbavu husimama juu ya sakafu ya kabati au huifunika, kwamba mgongo huingia kwenye mfuo, na kwamba mlango huachiwa nafasi ya milimita 2 kila upande. Kanuni hizo huwekwa mara moja. Baada ya hapo akibadilisha upana wa kabati, vipande vyote hujipima upya vyenyewe.

Kwa makabati ya mshazari, programu za kundi la pili huwa na maumbo yaliyokwisha kutayarishwa: kabati la kona lenye mlango wa mshazari, kabati la umbo la herufi L lenye milango miwili inayokunjana, na kabati la mwisho wa safu ambalo ubavu wake umekatwa kuelekea mlangoni ili watu wasigongwe nyonga wakipita. Fundi huanza kwa kuchora chumba, akiiambia programu kwamba kona ile ina digrii 92, wala si 90. Kabati linapowekwa konani hufuata pembe ya chumba, na milimita 461 zile hutokea kwenye kiwambo bila mtu kushika kalamu.

Katika kundi la kwanza kazi ni ndefu kidogo. Fundi huchora sakafu ya kabati kwanza, likiwa umbo la pande tano, kwa kufuata mistari ya kuta kama zilivyo. Kisha huiinua ipate unene, na kusimamisha mbavu juu ya kingo zake. Faida yake ni kwamba analazimika kuelewa kila kiungo.

Mtego wa digrii 67.5

Kuna kosa moja ambalo hata programu bora haiwezi kumzuia fundi asilifanye, kwa kuwa hufanyika baada ya mchoro kuchapishwa.

Vipande viwili vinavyokutana kwa digrii 135 hukatwa kila kimoja kwa nusu yake, yaani digrii 67.5. Hivyo ndivyo baadhi ya programu zitakavyoandika kwenye mchoro. Hata hivyo, kipimo kilicho kwenye msumeno wa meza huanza kuhesabu kutoka sifuri, na sifuri maana yake ni kwamba msumeno umesimama wima, mraba na meza. Ili kupata ukingo wa digrii 67.5, msumeno hulazwa kwa digrii 22.5 tu. Fundi anayetafuta 67.5 kwenye kipimo hicho hataipata, kwani misumeno mingi huishia digrii 45 au kupita hapo kidogo. Asiyeelewa hukisia, na bodi huharibika.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: toa pembe ya mchoro kwenye 90, na jibu ndilo ulazo wa msumeno. Kwa kona yetu ya digrii 92, pembe ya makutano ni 134, nusu yake ni 67, hivyo msumeno hulazwa kwa digrii 23. Ni busara kukata vipande viwili vya mabaki kwanza, kuvikutanisha na kuvilinganisha na mchoro uliochapishwa kwa ukubwa halisi, kabla ya kuigusa bodi mpya.

Samani zinazoinama pande mbili kwa wakati mmoja ni ngumu zaidi. Chukua sanduku la kupandia maua lenye pande nne, ambalo kila ubavu umeinama nje kwa digrii 15. Fundi atadhani kona zake zikatwe kwa digrii 45 kama fremu ya picha. Akifanya hivyo viungo havitafungana. Mkato sahihi unahitaji msumeno ulazwe kwa digrii 43.1 hivi na kipande chenyewe kigeuzwe kwa digrii 14.5 hivi. Hakuna jicho linaloweza kukisia hesabu hiyo. Programu huitoa mara mchoro unapokamilika, kwa kuipima pembe kati ya nyuso mbili.

Chini ya ngazi

Nyumba za ghorofa moja zinazojengwa kwa wingi Kitengela zimeleta kazi nyingine ya mshazari: makabati ya chini ya ngazi. Nafasi hiyo aghalabu huachiwa ndoo, viatu na mitungi ya gesi, ilhali ingeweza kuhifadhi vitu vya nyumba nzima.

Tuseme kila kidaraja kimeinuka kwa milimita 175 na kina upana wa milimita 250. Mteremko wa ngazi hiyo ni digrii 35. Ukigawa nafasi iliyo chini yake kwa makabati yenye upana wa milimita 500, basi kila kabati litashuka kwa milimita 350 kutoka upande wake mrefu hadi ule mfupi, na kabati linalofuata litaanzia pale la kwanza lilipoishia. Bodi ya juu ya kila kabati italala kwa digrii 35, na urefu wake utakuwa milimita 610 hivi, wala si 500. Fundi asiyechora hugundua jambo hili akiwa tayari ameikata kwa 500.

Katika kazi hii pia ukweli wa jengo hutangulia. Vidaraja vya zege havitoki sawa vyote, na upande wa chini wa ngazi hupigwa plasta kwa mkono. Mafundi wa zamani walikuwa na dawa yake: kigezo. Walichukua kipande kikubwa cha katoni au plaiwudi nyembamba, wakakikata kidogo kidogo hadi kikakaa sawa chini ya ngazi, kisha wakakitumia kuchora kwenye mbao. Kigezo hicho hakijapitwa na wakati. Fundi wa kisasa anaweza kukipima pembe zake na kuziingiza kwenye programu, na hivyo akapata faida ya njia zote mbili.

Kuipanga bodi

Mahali ambapo programu hurudisha gharama yake kwa haraka ni kwenye upangaji wa vipande. Bodi ya kawaida ya futi 8 kwa 4 ina milimita 2,440 kwa 1,220. Bei yake ni maelfu ya shilingi, na fundi mdogo hununua kwa pesa za malipo ya awali ya mteja. Bodi moja ikiharibika, faida ya kazi nzima huweza kuondoka nayo. Kisa cha marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma, iliyotangazwa Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023, kiliwafunza maseremala kwamba malighafi si kitu cha kuchezea.

Turejee kwenye kabati letu la kona. Linahitaji sakafu na rafu, kila moja ikikatwa kutoka kwenye mraba wa milimita 900, na mbavu zenye ukubwa wa milimita 600 kwa 720. Fundi akianza kwa kuikata bodi kwa kuikingama ili apate vipande viwili vya milimita 900, atabaki na kipande cha milimita 634 kwa 1,220, ambacho hutoa ubavu mmoja. Mabaki mengine ni vipande vifupi vya milimita 317 kwa 900.

Lakini akianza kwa kuipasua bodi kwa urefu wake wote, kwa upana wa milimita 900, atapata sakafu, rafu na ubavu ule ule mmoja, na zaidi ya hayo abaki na ukanda mzima wa milimita 317 kwa 2,440. Ukanda huo hutosha kutengenezea mbavu za droo au ubao wa chini unaofunika miguu ya makabati. Bodi ni ile ile na idadi ya vipande ni ile ile. Kilichobadilika ni mkato ulioanza. Tumehesabu humo milimita 3 ambazo meno ya msumeno humeza katika kila mkato, jambo ambalo fundi anayepanga kichwani husahau mara kwa mara.

Programu nyingi za makabati hufanya mpango huo zenyewe, na SketchUp nayo ina nyongeza ya bure iitwayo OpenCutList inayotoa orodha ya vipande na mchoro wa kukatia. Tahadhari ni moja. Orodha hizo aghalabu huandika kipande cha pande tano kana kwamba ni mstatili, kwa vipimo vya upana na urefu wa juu kabisa. Kwa hivyo kila kipande cha mshazari sharti kiambatanishwe na mchoro wake, hasa ikiwa bodi zitapelekwa kwenye duka linalokata kwa mashine. Fundi wa mashine hukata alichoandikiwa.

Je, litapita mlangoni?

Kabla ya kuidhinisha mchoro, yapo maswali matatu ambayo fundi hana budi kujiuliza mbele ya kiwambo.

La kwanza ni kama kabati litaingia nyumbani. Kabati la kona lenye milimita 900 kwa 900 haliwezi kupita wima kwenye mlango wa jikoni wenye upana wa milimita 800. Likilazwa ubavu laweza kupita, mradi kimo chake ni milimita 720. Miguu ikiwa imeshapigiliwa na kukifikisha kimo hicho milimita 870, halitapita kwa upande wowote. Miguu, basi, ifungwe baada ya kabati kufika ndani.

La pili ni bawaba. Bawaba za kawaida zimetengenezwa kwa mlango unaokaa mraba na ubavu wa kabati. Mlango wa mshazari unahitaji bawaba maalumu za pembe, na ni vyema zinunuliwe kabla ya mbao kukatwa, kwa kuwa nafasi ya matundu yake ni tofauti.

La tatu ni mlango wenyewe unapofunguka. Je, utagonga kishikio cha droo ya jirani au mpini wa jiko? Programu humruhusu fundi kuufungua mlango kwenye kiwambo na kuona utafika wapi.

Gharama na mipaka

Programu za kundi la pili si za bei rahisi kwa karakana ya watu wawili, na nyingi hulipiwa kila mwezi au kila mwaka kwa dola. SketchUp ina toleo la bure, lakini hilo hutumika kupitia mtandaoni na halipokei nyongeza kama OpenCutList, ambazo huhitaji toleo la kulipia linalowekwa kwenye tarakilishi. FreeCAD ni ya bure kabisa na haihitaji mtandao ukishaiweka, ingawa kujifunza kwake huhitaji subira. Kwa fundi anayeanza na kipakatalishi cha mitumba, hiyo ndiyo njia isiyo na deni.

Wapo wanaouziwa nakala za wizi za programu za bei ghali. Mbali na kwamba ni kosa kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya 2001, nakala hizo huweza kubeba virusi vya kuharibu kazi ya miezi mingi. Umeme nao hukatika bila hodi, kwa hivyo mchoro uhifadhiwe kila mara, na nakala ya karatasi ipelekwe karakanani.

Lakini mpaka mkubwa zaidi wa programu hizi si pesa. Tarakilishi huamini kila inachoambiwa. Ukiiambia kona ina digrii 90, itakuchorea kabati safi la digrii 90, lenye rangi na kivuli, na mteja atalipenda. Uzuri wa picha hauthibitishi ukweli wa vipimo. Bodi nayo yaweza kuuzwa kwa jina la milimita 18 ilhali ina 17 au pungufu, na tofauti hiyo ikijirudia kwenye kila kiungo, kabati zima hupotoka. Fundi apime bodi aliyonunua kabla ya kuandika unene wake.

Ndiyo sababu ujuzi huu wafaa kufunzwa pamoja na msumeno, wala si mahali pake. Mjini Kajiado ipo taasisi ya Masai Technical Training Institute, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huwapima mafundi waliojifunzia karakanani na kuwapa vyeti vya madaraja. Kijana aliyekulia kwenye vumbi la mbao tayari anajua jinsi bodi inavyopasuka na gundi inavyoshika. Akiongezewa uwezo wa kuchora, ataweza kumwonyesha mteja kabati kabla ya kupokea shilingi moja, na kumtajia idadi ya bodi bila kubahatisha.

Mteja naye ana wajibu wake. Kabla ya kutoa malipo ya awali, amtake fundi amwonyeshe vipimo vya kona katika vimo vitatu na mchoro wenye pembe zilizoandikwa. Asimharakishe fundi aje kupima kabla ya plasta na vigae kukamilika, kwa kuwa kigae na gundi yake huongeza unene wa ukuta. Wote wawili watie sahihi kwenye mchoro huo. Kukiwa na ubishi baadaye, karatasi itaamua.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na bodi iliyokatwa vibaya haiungwi ikawa nzima. Kosa kwenye kiwambo hufutwa kwa kidole. Kosa hilo hilo likifika kwenye msumeno, lazima mmoja kati ya fundi na mwenye nyumba alilipie.